Kugawa Kasi ni Halali, Kughushi Pakiti Siyo

Kitabu kilichoinasa kampuni ya Comcast ni Biblia. Oktoba 2007, shirika la habari la Associated Press liliamua kupima malalamiko yaliyokuwa yamezagaa kwa miezi kadhaa miongoni mwa wateja wa kampuni hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa ya pili kwa ukubwa Marekani katika kuuza intaneti: kwamba mtu akijaribu kuwagawia wenzake faili kwa BitTorrent, mawasiliano hukatika bila sababu ya kueleweka. Wakachagua tafsiri ya King James, kitabu ambacho hakuna Mmarekani anayeweza kushtakiwa kwa kukinakili, na wakajaribu kukihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Mara mbili kati ya tatu uhamishaji ulizuiwa. Mara ya tatu ulianza baada ya dakika 10 za kusubiri. Habari hiyo ilipotoka tarehe 19 ya mwezi huo, swali halikuwa tena kama Comcast inaingilia matumizi ya wateja wake, bali kama ina haki ya kufanya hivyo. Jibu la makala haya ni kwamba mtoa huduma ana haki ya kugawa kasi pale njia inapojaa, lakini hana haki ya kuamua kimyakimya ni matumizi yapi ya mteja yapite na yapi yafe. Na aliyetoa ushahidi mzito kuliko wote wa jibu hilo ni Comcast yenyewe.

Kwanza tuitendee haki kampuni, kwa sababu tatizo lililoisumbua halikuwa la kubuni. BitTorrent, iliyoanzishwa na Bram Cohen mwaka 2001, hufanya kazi kinyume cha tovuti ya kawaida. Tovuti hummiminia kila mgeni faili zima kutoka kwenye seva yake, na wageni wakizidi seva inalemewa. BitTorrent hulikata faili vipandevipande, na kila anayepokea kipande huanza hapohapo kuwagawia wengine, kwa hiyo wahitaji wanavyoongezeka ndivyo na wagawaji wanavyoongezeka. Ndiyo maana wasambazaji wa Linux waliipenda, na kampuni ya Blizzard ikaitumia kuwafikishia masahihisho wachezaji wa World of Warcraft. Ila ukarimu huo una gharama, na gharama yenyewe inaangukia mahali ambapo mitandao ya kebo ni dhaifu. Nyaya hizo zilitandazwa kwa ajili ya televisheni, picha zitoke kituoni ziingie nyumbani, na waliozitandaza hawakutarajia kwamba siku moja nyumba nazo zitakuwa na mengi ya kurudisha. Kwa Amerika Kaskazini njia ya kurudi iliachiwa masafa ya megahezi 5 hadi 42, ilhali ya kuingia nyumbani ilikuwa na mamia ya megahezi. Tena njia hiyo nyembamba hutumiwa na majirani kwa pamoja. Kwa hesabu za Comcast, wastani wa modemu 100 hivi kwa kila mlango mmoja wa kupakia. Nyumba chache zikiiacha BitTorrent ipakie usiku na mchana, jirani anayepiga simu ya intaneti ataanza kusikia sauti ikikatikakatika. Mtoa huduma anayekaa kimya mbele ya hali hiyo anawadhulumu wateja wake wengine.

Kosa lilikuwa katika dawa. Comcast ilifunga mitambo ya Sandvine, kampuni ya Kanada, ambayo huchungulia mawasiliano yanayopita, hutambua yapi yana mwenendo wa kubadilishana mafaili, kisha hutunga pakiti fupi, yaani vifurushi vidogo vya data, na kuzipeleka pande zote mbili. Katika TCP, itifaki inayobeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, kuna alama iitwayo RST. Kompyuta ikiituma, inamwambia mwenzake kwamba imeyavunja mazungumzo na asiendelee kungoja. Pakiti zilizotungwa zilibeba alama hiyo pamoja na anwani ya mtu ambaye hakuzituma. Mmoja aliambiwa kwamba yule wa mbali amekata, na yule wa mbali akaambiwa vivyo hivyo kuhusu huyu. Ni mshenga aliyetumwa kupeleka posa, akaamua mwenyewe njiani kwamba ndoa hii haitafaa, akaenda kwa wazazi wa binti kusema kijana ameghairi, kisha akarudi kwa wazazi wa kijana kusema binti amekataa. Huenda ndoa kweli haikufaa, lakini hayo hakutumwa. Ubaya wa mbinu hii ni kwamba mtendwa hana pa kuanzia. Atailaumu programu, ataibadilisha modemu, atamlaani mtu asiyemjua aliye upande wa pili wa nchi, na mtoa huduma atakuwa wa mwisho kushukiwa. Aliyeling'amua jambo hili mapema mwaka 2007 alikuwa mhandisi wa mitandao wa Oregon, Robb Topolski, mpenzi wa nyimbo za zamani za sauti nne ziitwazo barbershop, ambazo alikuwa akijaribu kuwagawia wapenzi wenzake. Yeye alijua kuzinasa pakiti na kuzisoma moja moja. Mteja wa kawaida hajui, wala hapaswi kulazimika kujua. Shirika la Electronic Frontier Foundation lilirudia vipimo na kuchapisha ripoti yake Novemba ya mwaka huohuo: kila upande ulipokea pakiti za kukata ambazo upande wa pili haukuwahi kuzituma.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ingawa hii ilichukua mwaka mzima na zaidi. Comcast ilianza kwa kusema haizuii programu yoyote. Habari ya Associated Press ilipotoka, kauli ikawa kwamba haizuii bali inachelewesha. Mashirika ya Free Press na Public Knowledge yalipopeleka malalamiko kwa FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, kampuni ikajitetea kwamba hufanya hivyo pale tu msongamano unapokuwa mkubwa. Tume ilipoitisha kikao cha hadhara kwenye shule ya sheria ya Harvard, Februari 2008, Comcast ililipa watu wa kushikilia viti ukumbini, jambo ililolikiri baadaye. Baadhi yao walipigwa picha wakiwa wamesinzia, na raia waliokuja kusikiliza wakabaki nje. Hicho ni kituko tu. Lililo zito zaidi lilikuja kwenye barua ya Julai, ambamo kampuni ilikubali kwamba mitambo yake hukata mawasiliano bila kujali mtandao una shughuli kiasi gani wala ni saa ngapi. Watafiti wa Taasisi ya Max Planck nchini Ujerumani walikuwa wamekwisha kuliona hilo kwa jaribio lao lililoitwa Glasnost, ambalo mtu yeyote aliweza kuliendesha kwenye kompyuta yake: wateja wa Comcast na wa Cox, kampuni nyingine ya kebo, walikatwa saa zote za siku. Hapo utetezi wa msongamano ulianguka. Dawa ya foleni ya jioni haiwezi kuwa ileile inayotolewa alfajiri barabara ikiwa tupu. Na mitambo hiyo haikuwa hata na shabaha: mwaka 2007 ilibainika kwamba ilikuwa ikivuruga pia Lotus Notes, programu ya barua pepe za maofisini, kwa watu waliokuwa wanatuma viambatisho vizito na wala hawajawahi kuigusa BitTorrent.

Tarehe 1 Agosti 2008 FCC ilipiga kura, tatu dhidi ya mbili. Mwenyekiti Kevin Martin, mteule wa Republican, aliungana na makamishna wawili wa Democrat kuiamuru Comcast iache mtindo huo ifikapo mwisho wa mwaka na iweke wazi itakachofanya badala yake. Faini haikuwepo. Ila agizo hilo lilizaa kitu cha thamani kuliko faini, yaani maelezo ya kiufundi ya mfumo mpya, ambayo baadaye yalichapishwa kama waraka namba 6057 katika mfululizo wa nyaraka za RFC zinazosomwa na wahandisi wa intaneti duniani kote. Mfumo wenyewe haukuuliza mteja alikuwa anafanya nini. Uliangalia kwanza kama njia ya pamoja imetumika zaidi ya asilimia 70 kwa upande wa kupakia, au 80 kwa upande wa kupakua, kwa muda wa dakika 15. Kama haikuwa imefika hapo, hakuna aliyeguswa, awe alikuwa anapakua filamu au anatuma picha za harusi. Ikifika, ulitafuta nani kati ya walioitumia amekuwa akichukua zaidi ya asilimia 70 ya kasi aliyoilipia katika dakika hizohizo, na huyo aliwekwa nyuma kwenye foleni mpaka matumizi yake yashuke. Nyuma ya foleni si nje ya foleni: kukiwa na nafasi, pakiti zake zilipita kama kawaida. Comcast ilifanya majaribio kwenye miji mitano. Colorado Springs, ambako ndiko kulikokuwa na wateja wengi zaidi wa majaribio, watu 6,016 waliwekwa chini ya mfumo huo Agosti 2008, na kwa wastani ni 22 kwa siku waliorudishwa nyuma wakati wowote. Kampuni iliiarifu tume kwamba haikupokea hata lalamiko moja lililotokana na mfumo huo.

Ningependa kila anayetetea ukataji wa kuchagua akae kitako aitafakari namba hiyo ya 22. Kwa miaka hoja ilikuwa kwamba bila kuilenga BitTorrent mtandao ungezama. Kumbe kampuni ileile, kwa nyaya zilezile na wateja walewale, ilipobanwa ikabuni ndani ya miezi michache njia ambayo haikumchungulia mtu, haikumdanganya mtu, na ilimgusa mteja mmoja kati ya 270 hivi kwa siku. Kulenga programu fulani hakukuwa lazima ya kiufundi. Kulikuwa rahisi, na yaelekea kulikuwa na faida nyingine pia. FCC iligusia hili katika uamuzi wake: Comcast ilikuwa inauza televisheni na filamu za kulipia, na video zinazopita kwa BitTorrent zilikuwa mshindani wa bidhaa hiyo. Vuze, kampuni iliyosambaza video kwa njia hiyo kwa ridhaa ya wenye mali, ilikuwa miongoni mwa walalamikaji. Sidai kwamba nia ya kuua ushindani imethibitishwa. Nasema tu kwamba anayemiliki barabara na pia duka lililo kando yake hastahili kuachiwa, kwa siri, uamuzi wa malori yapi yapite.

Pingamizi linalotajwa mara nyingi ni la uharamia: sehemu kubwa ya yaliyopita kwa BitTorrent ilikuwa filamu na muziki wa kuibwa, sasa nani alilie kasi ya mwizi? Sina haja ya kubisha kuhusu wingi huo. Ila mitambo ya Sandvine haikuwa na njia ya kumtambua mwizi, wala haikujaribu. Iliona mwenendo wa pakiti, ikakata, na ndivyo Biblia, nyimbo za karne iliyopita na mfumo wa Linux vilivyokwenda njia moja na filamu iliyotoka wiki ile. Zaidi ya hapo, mwenye hakimiliki Marekani ana sheria tangu 1998 inayomwezesha kutoa notisi na kudai faili liondolewe, na ana mahakama. Mtuhumiwa naye ana nafasi ya kujibu. Pakiti ya kughushi haitoi notisi na haina rufaa. Comcast yenyewe, tuiseme kweli yake, iliujenga utetezi wake juu ya msongamano, si juu ya kupambana na uharamia; wanaoitetea leo kwa hoja hiyo wanaibebesha sababu ambayo haikuitegemea.

Pingamizi la pili ni la mali: mtandao ni wa kampuni, mabilioni ni yake, asiyependa ahame. Lakini kilichouzwa hakikuwa nyaya, kilikuwa huduma iliyotangazwa kwa kasi fulani, na bei ililipwa kamili kila mwezi. Kama baadhi ya matumizi hayamo kwenye bei, mnunuzi aambiwe kabla hajafungua pochi. Wateja walioishtaki kampuni kwa pamoja walipewa suluhu ya dola milioni 16 mwaka 2009, kila mmoja akistahili dola zisizozidi 16, na Comcast haikukiri kosa. Fedha ya chai, lakini kesi ilisimama juu ya ahadi za matangazo, na hapo ndipo penye uzito. Tena kuhama kunahitaji kujua unakimbia nini. Soko haliwezi kumwadhibu muuzaji kwa kasoro aliyoificha. Mtu anayedhani programu yake imeharibika hahami kampuni, anahama programu. Oktoba 2008 Comcast iliweka pia ukomo wa gigabaiti 250 kwa mwezi, na watumiaji wengi wakanung'unika. Binafsi naona hatua hiyo, kwa ukali wake wote, ilikuwa ya uungwana kuliko ile iliyotangulia, kwa sababu ilikuwa namba iliyoandikwa mahali pa kusomeka, na mtu aliweza kuikubali au kuikataa.

Lipo pingamizi lenye nguvu zaidi, nalo hutoka kwa wahandisi wenyewe. Pakiti hazilingani, wanasema. Simu haivumilii kuchelewa hata sehemu ya sekunde, faili linaweza kungoja mpaka kesho. Kuzitendea sawa ni kuionea simu. Ni kweli, na anayehubiri usawa wa pakiti kana kwamba ni dini hajawahi kuwaza foleni inavyofanya kazi. Lakini tazama suluhisho lilitoka wapi. Wahandisi wa kampuni ya BitTorrent walitengeneza njia mpya ya kusafirisha data, uTP, ambayo hupima muda ambao pakiti zinakaa kwenye foleni, na ucheleweshaji ukikaribia milisekunde 100 programu inajipunguzia kasi yenyewe ili kuwapisha wengine. Ilienea tangu 2010 kupitia programu ya uTorrent, na kanuni yake ikachapishwa Desemba 2012 katika RFC 6817 kwa jina la LEDBAT. Apple nayo imeitumia kwa masasisho ya kompyuta zake, kazi ambayo haina haraka. Anayejua kwamba faili linaweza kungoja ni mwenye faili, na programu yake inaweza kulitamka hilo bila mtu wa katikati kubahatisha. Jambo hilo halingewezekana kama BitTorrent ingekuwa imekwisha kunyongwa mlangoni, na kwa kweli ukataji ulikuwa unawasukuma watengenezaji upande mwingine kabisa, wa kuficha mwenendo wa pakiti kwa usimbaji ili mitambo isizitambue. Badala ya watu wawili kushirikiana kuokoa foleni, tukapata paka na panya.

Kanada ilitupa kipimo cha pili. Bell Canada ilianza mwishoni mwa 2007 kupunguza kasi ya kubadilishana mafaili kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi saa nane usiku, na mwaka 2008 ikaifikisha hatua hiyo mpaka kwa wateja wa kampuni ndogo zilizonunua huduma kwake kwa jumla. Machi mwaka huohuo shirika la utangazaji la umma, CBC, lilitoa kipindi chake kimoja kwa BitTorrent, bila malipo, na watazamaji wakalalamika kwamba kinachukua saa nyingi kufika. Mdhibiti, CRTC, kwanza aliikatalia malalamiko kambi ya kampuni ndogo, kisha Oktoba 2009 akaweka kanuni: mtandao ukielemewa, mtoa huduma ajenge zaidi au atoze kwa kiasi kabla ya kufikiria kulenga aina ya matumizi, na chochote atakachofanya akitangaze. Mwishoni mwa 2011 Bell ilieleza kwamba ingeacha upunguzaji huo kuanzia Machi 2012, kwa kuwa sehemu ya mafaili katika msongamano ilikuwa imeshuka na ya video za kutiririshwa imepanda. Hapa ndipo udhaifu wa kulenga programu unapoonekana wazi. Mwaka 2007 adui aliitwa BitTorrent. Kufikia 2011, kwa takwimu za Sandvine hiyohiyo, Netflix ndiyo iliyokuwa inaongoza Amerika Kaskazini saa za jioni. Kanuni iliyoandikwa kwa jina la programu huchakaa pamoja na jina hilo, na kila mara anayebanwa ni mgeni aliyeingia sokoni jana. Kanuni ya kiasi na saa haichakai.

Sheria ya Marekani haijatulia mpaka leo. Aprili 2010 mahakama ya rufaa ya Washington, kwa kalamu ya Jaji David Tatel, ilitengua agizo dhidi ya Comcast. Wengi waliisoma hukumu hiyo kama kibali cha ukataji, nayo haikuwa hivyo: ilisema FCC haikuonyesha sheria inayoipa mamlaka ya kutoa agizo lile, na haikusema kitendo kilikuwa chema. Tume iliweka kanuni nyingine mwaka 2010, zikaanguka kwa sehemu kubwa 2014. Ikaweka nzito zaidi 2015, ikazifuta yenyewe 2017, ikazirudisha 2024, na Januari 2025 mahakama nyingine ya rufaa ikazipiga chini. Katika mvutano wote huo kimoja hakikufutwa hata na waliofuta kila kitu 2017, nacho ni wajibu wa kampuni kueleza hadharani jinsi inavyosimamia mtandao wake. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbele zaidi kwa kanuni yake ya 2015, inayoruhusu usimamizi wa foleni kwa sababu za kiufundi lakini si za kibiashara, na kukataza kuchungulia yaliyomo kwa kisingizio hicho.

Kuna sababu ya kutolichukulia jambo hili kama ugomvi wa zamani wa wapakuaji. Mtambo unaoweza kutambua aina moja ya mawasiliano na kuyakata bila kujulikana hauna haja ya kubadilishwa sana ili uikate habari badala ya filamu. Jina la Sandvine, baada ya kuungana na kampuni nyingine 2017, lilitajwa katika udhibiti wa mtandao Belarus mwaka 2020, na Februari 2024 serikali ya Marekani iliiweka kwenye orodha ya vikwazo vya biashara kwa sababu ya matumizi ya vifaa vyake Misri. Iliondolewa Oktoba baada ya kuahidi kubadili mwenendo. Kwa Afrika Mashariki swali limejificha mahali pa kawaida kabisa, kwenye vifurushi vya nyumbani vinavyouzwa kwa jina la bila kikomo huku kifungu cha "matumizi ya haki" kikiwa kimesukumwa chini ya ukurasa. Kifungu hicho chaweza kuwa halali kabisa. Kinachotakiwa kutoka kwa wadhibiti wa mawasiliano, TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya ni kumlazimisha muuzaji aandike mambo manne katika lugha ya mteja: kasi hupunguzwa baada ya kiasi gani, hushuka hadi ngapi, hudumu muda gani, na kama hupunguzwa kwa matumizi yote au kwa baadhi tu. Comcast iliandika asilimia zake, dakika zake na namba ya waliorudishwa nyuma, na iliendelea kufanya biashara.